Nani Atalinda Mashua?

Kimbunga Haiyan, ambacho Wafilipino wenyewe wanakiita Yolanda, kilitua nchi kavu kwa mara ya kwanza katika mji wa Guiuan, ncha ya kusini mashariki ya kisiwa cha Samar, saa kumi na dakika arobaini alfajiri ya tarehe 8 Novemba 2013. Saa moja asubuhi kilikuwa kimeshavuka ghuba na kupiga kisiwa cha Leyte. Kikaendelea Cebu, Bantayan na Panay, kikapita hadi visiwa vya kaskazini mwa Palawan. Upepo wake ulikadiriwa kufika kilomita 315 kwa saa. Serikali ilipofunga hesabu, waliokufa walikuwa 6,300, na wengine 1,062 hawakuonekana tena. Nyumba zaidi ya milioni moja ziliharibika, karibu nusu yake zikalala chini kabisa.

Mimi ni fundi maji, mzaliwa wa kisiwa cha Mafia, Tanzania. Shirika nililokuwa nikilifanyia kazi Dar es Salaam lilinipeleka Guiuan wakati maiti bado zinatafutwa, nikabaki huko hadi mwaka uliofuata unakwisha. Kazi yetu ilikuwa visima, matangi na vyoo vya dharura, mjini na katika visiwa vidogo vinavyouzunguka, Homonhon, Manicani na vingine.

Huku nyumbani watu wakisikia nimefanya kazi huko huniuliza swali moja: kwani hawakutangaziwa? Walitangaziwa. Siku moja kabla, rais wa nchi alisimama kwenye televisheni akasema kinachokuja ni kikubwa na kwamba maji ya bahari yatapanda. Redio zilisema. Viongozi wa mitaa walipita na vipaza sauti. Maelfu kwa maelfu ya watu walihama kweli, na wasingehama, idadi ya waliokufa ingekuwa nyingine kabisa. Lakini waliobaki ufukweni walikuwa wengi mno, na karibu wote walikuwa wamesikia. Jambo hilo ndilo lililonikaa moyoni kuliko yote niliyoyaona. Nimekuwa nikilieleza kila ninapopata nafasi, kwa sababu pwani yetu nayo inaanza kupigwa.

Niseme kwanza kilichoua, maana hata mimi nilikwenda nikidhani ni upepo. Upepo uling'oa mabati na kuvunja miti, ila maiti nyingi zilikuwa za maji. Mji wa Tacloban, uliopoteza watu wengi kuliko mji mwingine wowote, uko mwisho wa ghuba ya San Pedro, pale bahari kati ya Leyte na Samar inapobanwa kama kwenye faneli hadi kuwa mlangobahari mwembamba. Kina cha maji humo ni kifupi. Kimbunga kilipokuwa kinakaribia, upepo ulivuma ukitokea kaskazini, ukayasukuma maji nje ya ghuba. Waliokuwa ufukweni waliona bahari inakupwa wakati si wa kupwa. Kilipopita, upepo ukageuka ukatoka baharini, na maji yote yakarudi kwa pamoja, yakapanda mita 5 hadi 6. Meli za mizigo zilipandishwa juu ya nyumba za watu mtaa wa Anibong. Mojawapo, Eva Jocelyn, hawakuiondoa yote, sehemu yake ya mbele imeachwa palepale iwe kumbukumbu.

Kaskazini ya Guiuan kuna mji mdogo wa Hernani, unaotazama bahari kuu ya Pasifiki. Mbele yake pana mwamba mpana wa matumbawe, na wazee wa pale waliamini, kama tunavyoamini sisi wa Mafia, kwamba mwamba ndio ukuta wao. Siku zote ni kweli: wimbi likifika kwenye mwamba linavunjika, ufukweni linafika povu. Asubuhi ile mawimbi makubwa yaliyokuja kwa makundi yalivunjika kwenye mwamba kama kawaida, lakini nguvu ya kundi zima ikapita na kuwa wimbi moja refu la taratibu, lililoingia kijijini mithili ya tsunami. Kuna picha ya video iliyopigwa kutoka ghorofani inayoonyesha nyumba imesimama, kisha ndani ya sekunde chache haipo. Wataalamu wa bahari wameifanyia utafiti na kuthibitisha kwamba ni mwamba wenyewe uliolizaa wimbi lile. Mtoto wa pwani akielezwa hivyo hapati usingizi. Nilipolisikia nilifikiria visiwa vyetu vidogo vya Chole, Juani na Jibondo, na nyumba zote zilizojengwa kwa kuutegemea mwamba.

Basi, kwa nini hawakuondoka?

Kisima cha kwanza tulichokisafisha nje kidogo ya Guiuan kilikuwa cha mama mmoja wa makamo. Vijana wa timu yangu walimwita Nanay, yaani mama, nami nikafuata hivyohivyo. Bahari ilikuwa imeingia kisimani na kila ilichokibeba. Tulifunga pampu, tukavuta maji hadi yakabaki matope, halafu kijana akashuka na ndoo. Kila ndoo iliyopanda, Nanay alitaka kuitazama kabla hatujaimwaga. Zilitoka kufuli, mizizi ya mnazi, kipande cha wavu wa kijani. Ukatoka mfuniko wa sufuria ya aluminiamu, una msumari uliopigwa ukakunjwa katikati, pale kishikio kilipong'oka. Akaugeuza mara mbili mikononi. Ni wa jirani, akasema, msumari ule alimpigia mume wangu. Akausugua kwa mchanga, akausuuza kwa maji ya kunywa tuliyokuwa tumemletea, nami sikumzuia. Jirani mwenyewe alikuwa hajapatikana. Watoto wake walikuwa kwenye hema la pili kutoka pale, na mfuniko ukapelekwa kwao.

Yule mume aliyepiga msumari naye alikufa. Alikuwa mvuvi. Usiku wa kuamkia kimbunga aliwapandisha mkewe na watoto shuleni, mahali palipoinuka, akawakabidhi mchele na tochi, kisha akarudi nyumbani peke yake. Alikuwa na mashua yenye injini aliyoichukua kwa mkopo wa mnunuzi wa samaki, na deni lilikuwa halijalipwa hata nusu. Alikuwa na nguruwe wawili, ada ya shule ya mwaka uliokuwa unakuja. Alisema atalala pale avilinde, atawafuata kukipambazuka.

Habari hii, kwa vitu tofauti, niliisikia nyumba kwa nyumba. Mke, watoto na wazee walipelekwa shuleni, kanisani au kwenye ukumbi wa mji, baba akarudi kulinda. Tacloban ilikuwa hivyohivyo. Wengine waliogopa wezi, wengine waliogopa mashua itagongana na nyingine na kupasuka, wengine walijua tu kwamba wakiipoteza injini, kimbunga kitapita lakini deni halitapita. Sikuona ujinga wala ukaidi katika maamuzi yao. Walipiga hesabu, na upande mmoja wa hesabu ile walikuwa na kitu wanachokijua kwa shilingi na senti, upande wa pili wana kitu ambacho kizazi chao hakijawahi kukiona. Maji ya namna ile yalikuwa yameshaingia pwani hiyohiyo mwaka 1897, yakaua mamia ya watu, ila aliyeyaona hakuwepo tena wa kusimulia. Kizazi kilichokuwepo kilikuwa kinajua upepo. Waliufungia madirisha, wakaweka mawe juu ya mabati, wakakaa.

Na wapo waliohama wakafa walikohamia. Hili nalo lisemwe. Baadhi ya majengo yaliyotengwa kuwa ya kukimbilia yalikuwa karibu na bahari, tambarare, na maji yaliwakuta humohumo. Mtu aliyempoteza mtoto kwenye jengo aliloelekezwa na kiongozi wake hatakubali kirahisi kuhamishwa mara ya pili.

Sasa kuna kisiwa kimoja kidogo, Tulang Diyut, upande wa Cebu katika visiwa vya Camotes, ambacho nilikisikia kwa wenzangu kisha nikakisoma sana. Wakazi wake walikuwa kiasi cha 1,000. Nyumba zote, takriban 500, zilibomoka. Hakufa hata mtu mmoja. Walikuwa wamevushwa wote siku moja kabla kwenda kisiwa kikubwa. Ukiishia hapo utasema meya alikuwa mkali. Lakini manispaa ile, San Francisco, ilikuwa imejipanga kwa miaka mingi kwa vikundi vya ujirani vinavyoitwa purok, kila kikundi na kiongozi wake, mfuko wake wa akiba na majukumu yake, kuanzia taka hadi wagonjwa. Mwaka 2011, yaani miaka miwili kabla ya Yolanda, Umoja wa Mataifa uliwapa tuzo ya Sasakawa, ya kupunguza hatari za maafa, kwa mpango huo. Kiongozi wa purok anajua nyumba gani ina mzee asiyetembea, nani anadaiwa, nani mbishi. Siku ya kuhama, anayebisha hodi ni mtu ambaye jana alikuja kuchukua mchango wa akiba, na kesho atakuja tena. Sisi Watanzania tuna mabalozi wa nyumba kumi, na mahali pengi tumewaacha wabaki kazi ya barua za utambulisho. Naliona hilo kuwa hasara kubwa kuliko tunavyofikiri.

Mtu wa Mafia akifika visiwa vya Guiuan anaona mambo mengi anayoyajua. Ngalawa zao zina matengo, yale magogo ya ubavuni yanayozuia chombo kisipinduke, pande zote mbili kama zetu, na watafiti wa vyombo wanasema matengo yetu yenyewe asili yake ni mabaharia wa upande ule. Wana wagema wanaopanda asubuhi na jioni, isipokuwa tembo lao ni jekundu kwa sababu wanalitia magome ya mkoko. Na wana mbata, nyama ya nazi iliyokaushwa. Uchumi wa watu wa chini kule ulikuwa mbata na samaki.

Nilipofika Homonhon, minazi ilikuwa imelala yote upande mmoja, kilima kizima, vilele vinaelekea kule upepo ulikoelekea. Iliyobaki imesimama ilikuwa nguzo tupu bila kuti hata moja. Mamlaka ya minazi ya Ufilipino ilihesabu minazi kiasi cha milioni 33 iliyoanguka au kuharibika katika mikoa iliyopigwa. Tarakimu hiyo haikunishtua kama alivyonishtua mzee mmoja aliyekuwa amekaa juu ya gogo la mnazi wake. Alinionyesha kwa mkono: ile aliipanda baba yake, hii aliipanda yeye alipooa. Mnazi ukiupanda leo utakaa miaka sita hadi minane ndipo uzae vizuri. Yeye alikuwa na miaka sabini na kitu. Nilimwambia kupitia mkalimani kwamba nimekulia chini ya minazi, na babu yangu alikuwa mkwezi. Akanishika bega, akaniuliza: huko kwenu mnazi ukianguka mnakula nini miaka hiyo minane? Sikuwa na jibu, na nadhani hakulitegemea.

Watu wa misaada waliotoka nje walielewa mashua haraka kuliko mnazi. Mashua inapigwa picha, inakabidhiwa kwa sherehe, mvuvi anaingia nayo baharini siku ileile. Vyombo takriban 30,000 vilikuwa vimeharibika, na ilikuwa haki kuvirudisha. Lakini mkulima asiye na mbata naye huenda baharini, kwa hiyo wakazidi watu wanaovua mahali samaki wameshapungua na mwamba umeshavunjika. Kwa minazi, kazi ilikuwa ya kuchosha na isiyo na picha nzuri. Ilibidi kupasua magogo kwa misumeno ya mota kabla hayajaoza. Gogo la mnazi likioza huwa nyumba ya yule mdudu mwenye pembe tunayemwita chonga, naye akishazaliana anatoboa vilele vya minazi michache iliyopona. Mbao zilipatikana, nyumba zikajengwa kwa mbao hizohizo. Ardhi iliyobaki wazi ikapandwa viazi vitamu, mahindi na mboga katikati ya miche. Kaya zilizopata msumeno, mbegu na miche mapema nilizikuta mwaka uliofuata zina chakula chao wenyewe. Zilizopata maturubai tu, baba na kijana mkubwa walikuwa wameondoka kwenda Manila kutafuta kibarua. Kwangu mimi hao nao ni hasara ya kimbunga, ingawa hawamo katika hesabu yoyote.

Halafu ikaja amri kwamba mita 40 kutoka ufukweni pasijengwe tena nyumba. Kwa maji yale niliyoeleza, nia yake naielewa kabisa. Lakini mvuvi umemwambia asijenge, hujamwambia aende wapi. Tacloban walijengewa makazi mapya kaskazini ya mji, mbali na bahari, mbali na soko, na kwa muda mrefu maji yalikuwa ya kuletwa na magari. Fundi maji akisikia nyumba zimekwisha na bomba halijafika anajua kitakachofuata: baba atarudi kulala ufukweni kwenye kibanda, mama na watoto watabaki kule. Ndivyo ilivyokuwa kwa wengi. Yaani ule mgawanyo wa usiku wa kimbunga, baba ufukweni na familia mlimani, ukageuka kuwa maisha ya kila siku.

Desemba 2014 kikaja kimbunga kingine, Hagupit, wao wakakiita Ruby, kikatua Samar hiyohiyo. Nilikuwa bado Guiuan. Hakikuwa na nguvu za Yolanda, lakini hilo lilikuja kujulikana baadaye, wakati wa kuhama hakuna aliyekuwa na uhakika. Watu kiasi cha milioni moja walihama nchi nzima, na waliokufa hawakufika ishirini kwa hesabu rasmi. Nilichokiona mimi pale nilipokuwa ni kwamba kazi ilianza na vyombo. Siku mbili kabla, wanaume wa mtaa waliungana, wakaviburuta vyote hadi nyuma ya barabara, wakavifunga kimoja kimoja, kila injini ikavuliwa na kupelekwa shuleni na jina la mwenyewe limeandikwa kwa rangi. Nguruwe wakapandishwa mlimani na kufungwa pamoja. Chumba kimoja cha darasa kikawa cha injini, na vijana wanne wakawekwa mlangoni. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kubembelezwa. Nanay niliyemtaja alipita mbele yetu na kapu lake la vyombo, akatuuliza sisi tunangoja nini.

Nilirudi nyumbani na jambo hilo moja. Mwezi Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipotangaza Kimbunga Hidaya kinakuja pwani yetu, boti za Unguja zikasitisha safari, na mimi nikampigia mjomba wangu, ambaye ana banda la makuti ufukweni kusini ya Kilindoni, huko Mafia, na hulala humo karibu na mashua yake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nimeshasikia, usijisumbue. Huu upepo tu."

"Mjomba, leo usilale bandani. Nenda kwa mama mdogo."

"Na mashua nani atailinda?"

Nilikuwa nimelisikia neno hilo kwa mkalimani mara nyingi mno, na sasa nalisikia kwa lafudhi ya nyumbani. Sikubishana naye. Nilimpigia mtoto wake, kisha balozi, kisha mtendaji wa kijiji, nikawaomba wavute vyombo vyote vya ufukwe ule kabla ya magharibi, si cha mjomba peke yake, maana chake kikivutwa peke yake angerudi kukaa na wenzake. Nikatuma pesa ya chai kwa vijana. Walitumia magogo ya mnazi kuviringishia, wakavipandisha hadi juu ya njia ya mchikichi, na injini zikafungiwa kwenye ofisi ya kijiji. Mjomba alizihesabu mwenyewe, akaomba ufunguo akae nao yeye. Wakampa. Saa mbili usiku alikuwa kwa mama mdogo anakula.

Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei kikiwa kimeshapoteza nguvu nyingi. Kilituachia mvua, mashimo barabarani, na banda la mjomba likabaki miti mitupu. Baada ya hapo balozi na mtendaji waliandika orodha ya kila chombo, mwenye nacho, injini yake, na ni kina nani wanaokivuta siku hiyo ikija tena. Mjomba ndiye anayeitunza, kwenye mfuko wa nailoni ndani ya kabati la mama mdogo. Kinachonisumbua ni wavuvi wa dago, wale wanaokuja kwa msimu na kulala mchangani chini ya matanga. Wanatoka Kilwa, Rufiji na kwingineko, na kijijini hakuna anayewajua kwa majina, kwa hiyo orodhani hawamo. Nimemwomba mtendaji aende dagoni yeye mwenyewe na daftari kabla masika hayajaanza, na aende pamoja na mjomba, kwa kuwa mjomba ndiye atakayejua la kuwaambia wakimuuliza vyombo vyao vitalindwa na nani.